Kebo iliyougua kila saa nane mchana

Jirani yangu wa ghorofa ya nne ni mwalimu mstaafu kutoka Mombasa. Siku hizi anafundisha Kiswahili kwa njia ya video kwa watoto walioko Maskati. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliotoka Unguja na Pemba: nyumbani bibi anazungumza Kiswahili, shuleni ni Kiarabu na Kiingereza, na wazazi hawataki lugha iishie kwa bibi. Ikigonga saa tisa alasiri Maskati watoto wamesharudi kutoka shule, na hapa Nairobi ni saa nane. Ndipo kipindi kinapoanza. Na Januari iliyopita, ndipo intaneti yake ilipokuwa ikikata.

Aliponiita ilikuwa wiki ya tatu ya tabu hiyo. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha hakunizungusha. "Mwanangu, mimi nyaya sizijui. Lakini saa naijua. Kitu hiki kinanijia saa nane, kinaondoka saa kumi na moja. Asubuhi kizima, usiku kizima. Mgonjwa gani huyu anayeugua kwa ratiba?"

Nimefanya kazi ya mitandao miaka kadhaa, na sidhani kama nimewahi kuelezwa hitilafu vizuri kuliko hivyo. Maneno yale yalibeba karibu nusu ya jibu. Wiki tatu zilikuwa zimepotea kwa sababu kila aliyeyasikia aliyachukua kama malalamiko, hakuna aliyeyachukua kama kipimo.

Orodha ya yaliyokwisha kufanywa ilikuwa ndefu. Alipiga simu huduma kwa wateja karibu kila siku, na kila mara aliambiwa azime modemu, ahesabu sekunde 30, awashe. Fundi alikuja mara mbili, mara zote mbili asubuhi. Mara ya kwanza alipima, akakuta laini safi, akabadilisha modemu ili asiondoke mikono mitupu. Mara ya pili alipima tena, akakuta safi tena, akasema shida ni wai-fai. Mwalimu akanunua ruta mpya, kile kifaa cha kugawa intaneti ndani ya nyumba. Halafu mtu wa mauzo akamshauri apandishe kasi ya kifurushi kutoka Mbps 20 hadi Mbps 40, naye akapanda, ingawa darasa la video la watoto sita halihitaji hata robo ya kile alichokuwa nacho mwanzo. Majirani nao walikuwa na lao: kebo za baharini. Tangu tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na nchi kadhaa zikabaki na intaneti ya kudondoka, hilo limekuwa jibu la kila kitu katika jengo letu. Ukurasa ukichelewa kufunguka, ni bahari.

Mimi nilianza kwa kutogusa chochote. Nilimwomba Mwalimu kitu kimoja tu: kesho yake saa nane, hata ikikata, asizime modemu.

Siku iliyofuata nilifika saa saba na nusu na kompyuta yangu. Niliichomeka kwenye ruta kwa waya, nikazima wai-fai ya kompyuta, kisha nikafungua madirisha matatu, kila moja likituma pingi, yaani ujumbe mfupi unaoomba jibu, bila kukoma. La kwanza lilipiga hodi kwenye ruta yenyewe, mita mbili kutoka nilipokaa. La pili lilipiga hodi kwenye lango la kwanza la kampuni, yaani mtambo ambao modemu yetu inazungumza nao moja kwa moja mwisho wa kebo. La tatu lilipiga hodi kwenye anwani ya nje ya nchi. Mpangilio huu hauhitaji programu ya kununua, na unakata mabishano mengi sana, kwa sababu kila dirisha linachunga kipande chake cha njia. La tatu likikatika peke yake, tatizo liko mbali, huenda hata ni bahari. La kwanza likiyumba, tatizo liko ndani ya nyumba.

Hadi saa saba na dakika 45 yote matatu yalikuwa yakijibu vizuri: ruta chini ya milisekunde 1, lango la kampuni 9 au 10. Saa nane kasoro dakika nane, dirisha la pili likaruka hadi 140, likashuka, likapanda 300, likanyamaza. La tatu likanyamaza pamoja nalo. La kwanza halikutikisika hata kidogo. Tulikaa tukitazama. Baada ya dakika nne hivi yakarudi, yakaenda robo saa, yakakata tena. Kufikia saa kumi na moja kasoro laini ilikuwa imekatika mara nane.

Kwa hiyo wai-fai ilikuwa haina kosa, na ruta mpya ilinunuliwa bure. Bahari pia haikuhusika, kwa sababu mawasiliano yalikufa kabla hayajatoka mtaani. Wala kasi ya kifurushi haikuwa na neno hapa. Barabara iliyokatika daraja haiponi kwa kuongezwa upana. Kilichobaki ni kipande cha kati ya modemu na mtambo wa kampuni. Kipande hicho kina mita kadhaa ndani ya nyumba, mita kadhaa ukutani, halafu sanduku la chini na nguzo za mtaa.

Modemu nyingi za kebo zina ukurasa wake wa hali, ambao hufunguka ukiandika 192.168.100.1 kwenye kivinjari, hata laini ya nje ikiwa imekufa. Wateja wengi hawajui kwamba upo. Niliufungua mara tatu siku ile: kabla ya hitilafu, katikati yake, na baada yake.

Kebo ya aina hii hubeba mazungumzo ya pande mbili katika waya mmoja kwa kutumia masafa tofauti. Yanayoshuka kwetu husafiri katika masafa ya juu, mamia ya megahezi. Yanayopanda kutoka kwetu husafiri katika masafa ya chini kabisa, makumi tu ya megahezi. Nguvu hupimwa kwa desibeli, na kwenye ukurasa ule huandikwa dBmV. Kwa yanayoshuka, mafundi hupenda kuona kati ya hasi 7 na chanya 7, na uwiano wa mawimbi dhidi ya kelele wa desibeli 33 au zaidi. Yanayopanda ni habari nyingine, kwa sababu pale nambari kubwa ni dalili mbaya. Mtambo wa kampuni ndio unaoiambia modemu ipaze sauti kiasi gani. Ni kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: asiposikika anaambiwa "sikusikii, piga ukelele", naye anaongeza hadi pumzi inapoisha. Kwa modemu ya DOCSIS 3.0, toleo mojawapo la kanuni za intaneti ya kebo, inayotumia chaneli nne kupandisha, pumzi hiyo huishia karibu na 51.

Kabla ya hitilafu tulikuwa tumesoma 46. Hiyo ni juu kidogo, lakini mtu anaishi nayo. Saa nane na nusu ilikuwa 51, imegota darini, na orodha ya matukio ilikuwa imejaa T3 juu ya T3. T3 ni modemu kuita mtambo, kungoja milisekunde 200, na kutojibiwa. Huita tena. Ikiita mara 16 mfululizo bila jibu hukata tamaa, hujitoa kwenye laini na kuanza safari upya tangu mwanzo: kutafuta chaneli, kujipima, kujisajili. Ndizo zile dakika nne. Watoto wa Maskati walikuwa wakiona uso wa Mwalimu umeganda huku mdomo uko wazi, kisha anapotea.

Hapa nataka niseme jambo linaloniuma katika kazi hii. Ukurasa ule una vihesabio: vipande vingapi vya data vilifika vimeharibika vikarekebishwa, vingapi vimeharibika visirekebishike. Ukizima modemu, vihesabio hurudi sifuri. Mwalimu aliambiwa azime modemu karibu kila siku kwa wiki tatu. Yaani kila siku alikuwa akifuta ushahidi wake mwenyewe kwa maelekezo ya watu aliowapigia wamsaidie, halafu fundi akija asubuhi anakuta modemu safi isiyo na doa na laini iliyolala vizuri, anaandika kwenye fomu kwamba hakuna tatizo. Na kwa kuwa laini ilikuwa ikipona yenyewe jua likishuka, aliyezima modemu saa kumi na nusu aliamini kwamba kuzima ndiko kulikoponya. Siwalaumu vijana wa simu, wanasoma walichoandikiwa. Aliyewaandikia ndiye ningependa aketi siku moja katika darasa la Mwalimu.

Jambo lililonionyesha njia lilikuwa kwenye jedwali la chaneli zinazoshuka, na kwa mtazamo wa haraka lingenipita. Kabla ya hitilafu chaneli zote zilikuwa karibu sawa, chanya 1 au chanya 2. Ilipoanza zote zilishuka, lakini hazikushuka sawa. Ile ya megahezi 306 ilianguka hadi hasi 9, na uwiano wake wa kelele ukafika 29. Ile ya megahezi 602 ilikuwa hasi 2 tu, bado nzima. Za chini zilizama kuliko za juu.

Kebo yenye afya hufanya kinyume. Kadiri kebo inavyorefuka, au inavyopata joto, ndivyo masafa ya juu yanavyoumia kwanza. Na joto peke yake hudhuru kidogo sana: kebo ya kawaida ya nyumbani, RG6, hupoteza kama desibeli 5 na nusu katika mita 30 kwenye megahezi 750, na upotevu huo huongezeka kwa asilimia 1 hivi kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Ukuta ukipata nyuzi 20 zaidi, unapoteza kama robo ya desibeli. Sisi tulikuwa tumepoteza 11 kwenye chaneli moja. Jua halingeweza kufanya hivyo kwenye kebo nzima.

Masafa ya chini yakifa kabla ya yale ya juu, mara nyingi waya wa katikati haugusi vizuri mahali fulani. Ncha mbili zikitenganishwa na mwanya mwembamba kama unywele, mawimbi ya masafa ya juu bado huruka mwanya ule. Ya chini hushindwa. Na njia ya kupanda iko chini kabisa, ndiyo maana modemu ilikuwa ikipiga ukelele bila kusikika wakati bado inasikia kiasi. Nilimwambia Mwalimu, "Kuna kiungo kimeachia. Na kinaachia kikipata moto."

Alifungua daftari lake la mahudhurio. Pembeni mwa majina ya watoto alikuwa ameandika siku zilizokata na zisizokata, tangu mwanzo, bila kuambiwa na mtu. Siku nne hazikuwa na alama. Tulikaa tukikumbuka hali ya hewa. Mbili alizikumbuka mara moja: mawingu mazito tangu asubuhi, nguo zilikaa kwenye kamba hadi jioni hazijakauka. Ya tatu ilinyesha mvua ya ghafla saa saba. Ya nne hakuikumbuka, mimi pia sikuikumbuka. Tatu kati ya nne zilitosha kunipeleka kwenye ukuta wa magharibi.

Kabla ya ukuta, ndani. Nyuma ya televisheni palikuwa na spilita ya njia mbili, yaani kigawanya kebo: mguu mmoja kwenye modemu, mwingine kwenye waya wa king'amuzi alichoacha kukitumia zamani. Mwisho wa waya ule ulikuwa uchi, umelala juu ya zulia. Spilita ya njia mbili hula kama desibeli 3 na nusu kwa kila mguu, na waya ulioachwa wazi ni kama antena: hukusanya kelele za redio na za vifaa vya stima, na kelele hizo hupanda hadi mtamboni zikichanganyika na za nyumba nyingine zote zilizoko kwenye laini ile. Nyumba moja chafu inaweza kusumbua mtaa. Niliiondoa spilita, nikaunga kebo moja kwa moja na modemu. Nguvu ya kupandisha ikashuka palepale kutoka 46 hadi 42.5.

Siku iliyofuata laini ilikata mara mbili badala ya nane. Mwalimu alifurahi, akaniletea mahamri. Mimi nafuu ile sikuipenda. Tulikuwa tumeiongezea modemu pumzi ya desibeli tatu na nusu, basi. Chaneli ya 306 bado ilizama vilevile jua lilipofika. Laiti ningeondoka pale, tungekuwa na mgonjwa anayekohoa mara mbili kwa siku badala ya mara nane, na masika ya Machi yangemmaliza. Nafuu ya kiasi ndiyo hufunga visa vingi kabla ya wakati, kwa sababu kila mtu amechoka na anataka kuamini.

Kebo ya nyumba yake hutoka kwenye sanduku la ghorofa ya chini, hupanda ukuta wa magharibi kando ya bomba la maji ya mvua, na kuingia kwenye tundu karibu na roshani. Nikiinama kwenye ukingo wa roshani niliona, kama sentimita 60 chini ya tundu, donge jeusi la utepe wa stima lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Kebo isiyokuwa na kiungo haina sababu ya kuwa na donge. Mwalimu akakumbuka: jengo lilipopakwa rangi, mwezi wa nane, mtu alikata kebo ile kwa bahati mbaya, na kijana mmoja akaja akaiunga siku hiyohiyo. Mwezi wa nane mvua ni chache. Vuli ilikuja baadaye, Oktoba hadi Desemba, na kila mvua ilitelemka na kebo hadi kwenye donge.

Sikulifungua. Kebo ya nje ni mali ya kampuni, na mtu akikuta mteja amekata utepe, kila kosa linakuwa la mteja. Tena hakuna mtu anayepaswa kupanda ngazi au nguzo yenye nyaya za stima jirani kwa ajili ya intaneti. Lakini donge lilifikika kwa mkono kutoka roshani, na nilitaka kuwa na hakika. Saa nane na robo laini ilipoanza kuyumba, Mwalimu alileta leso kavu, tukaitundika kwenye ukingo kama pazia ili kivuli chake kilifunike donge. Nikakaa mbele ya kompyuta. Kwa dakika kumi hakuna kilichobadilika. Kisha chaneli ya 306 ikaanza kupanda: hasi 6, hasi 3, chanya 1. Saa nane na dakika 40 ilikuwa chanya 3 na dirisha la pili lilikuwa likijibu kwa milisekunde 11. Mwalimu alimaliza kipindi chote bila kukatika, mara ya kwanza mwezi ule katika siku ya jua. Kesho yake tuliiondoa leso, laini ikakata. Tukaitundika, ikarudi. Sasa tulikuwa na kitu cha kusema kwenye simu.

Simu ile niliisikiliza kwenye spika. Binti wa huduma kwa wateja alisalimia kwa adabu, akachukua nambari ya akaunti, akaanza: "Mama, tafadhali zima modemu, subiri sekunde thelathini..."

"Binti yangu, leo sizimi," Mwalimu akasema. "Nikizima, utapoteza unachotakiwa kuona. Niangalizie hapo kwako, modemu yangu inapandisha kwa ngapi sasa hivi?"

Kukawa kimya, tukasikia vitufe. Kampuni huona nambari hizohizo kutoka kwao, tena kwa saa na siku zilizopita. "Naona... naona iko juu sana, Mama. Asubuhi ilikuwa arobaini na mbili."

"Basi. Na kesho asubuhi itakuwa arobaini na mbili tena, fundi atakuja ataniambia mimi mzima. Nataka fundi saa nane mchana. Kukiwa na mawingu asije."

Sijui binti aliandika nini kwenye tiketi, lakini aliandika vizuri. Siku ya tatu, saa nane na dakika kumi, fundi alibisha hodi. Alikuwa kijana, jasho linamtoka, na karatasi yake ya kazi ilisema abadilishe modemu. Alituambia wazi kwamba hulipwa kwa idadi ya kazi anazofunga, ndiyo maana hupanga nyumba nyingi asubuhi kabla ya foleni za barabarani. Sikumwona kuwa mvivu. Nilimwonyesha chaneli ya 306 na ya 602. Alizitazama, akatazama dirishani, akauliza, "Kuna joini nje?" Akaiacha modemu kwenye mkoba.

Donge alilikata kwa kisu, tabaka kwa tabaka. Gundi ya utepe ilikuwa imeyeyuka na kuganda mara nyingi hadi ikawa kama lami. Ndani palikuwa na kiungo cha kawaida, kile cha chuma chenye hesi pande mbili, cha kutumia ndani ya nyumba, na koneka mbili za kubana kwa koleo. Alipofungua ya chini yalitoka matone matatu ya maji ya kahawia, yakaanguka kwenye kiatu chake. Januari, jua la wiki nne, na bado mlikuwa na maji. Waya wa katikati wa kebo hizi ni chuma kilichovikwa shaba. Shaba ilikuwa imeliwa, imeacha ukungu wa kijani, na chini yake chuma kilikuwa na kutu nyekundu. Ncha ilikuwa imechongoka kama sindano. Karatasi ya alumini iliyozunguka povu ilikuwa imegeuka unga mweupe, ukiigusa inabaki kidoleni. Akaichomeka ile ncha kwenye kiungo, akaizungusha kwa vidole viwili mbele yangu: ilikuwa inacheza. Vibanio vya ndani vilikuwa vinakamata kutu. Asubuhi, chuma kikiwa baridi, viligusana. Ukuta ukipata moto, kila kitu kikatanuka kwa kipimo chake, na mwanya ukafunguka. Hivyo ndivyo nionavyo mimi, na fundi alikubali.

Angeweza kukata ncha mbili na kuunga upya, dakika tano. Alikata kipande kuelekea chini, akamenya, akakuta wavu wa nje bado mweusi. Akakata sentimita 30 zaidi, bado mweusi. Maji yalikuwa yametelemka ndani ya ganda. Akashusha pumzi, akaenda kwenye pikipiki, akarudi na kebo mpya. Alivuta laini nzima kutoka sanduku la chini hadi nyumbani bila kiungo katikati, akafunga koneka za kushindilia zenye pete ya mpira ya kuzuia maji, na kabla kebo haijaingia ukutani akaiacha ining'inie kama tumbo la chini, ili maji ya mvua yadondokee pale badala ya kufuata waya hadi ndani. Kazi ilimchukua saa moja na nusu. Mwalimu alimwekea chakula, akala.

Tulipima saa kumi, ukuta ukiwa bado unachoma mkono. Nguvu ya kupandisha 41. Chaneli ya 306 chanya 6, ya 602 chanya 5, yaani ya juu iko chini kidogo, kama inavyostahili kuwa kwenye kebo nzima. Asubuhi yake ilikuwa vilevile, tofauti haikufika nusu desibeli. Wiki tatu baadaye nilifungua ukurasa wa modemu, ambayo haikuwa imezimwa tangu siku ile: T3 hakuna hata moja, na kihesabio cha vipande visivyorekebishika kilikuwa sifuri kwenye chaneli zote isipokuwa moja yenye 12. Alirudi kwenye kifurushi cha Mbps 20. Saa mbili usiku laini yake bado hupungua kasi, kwa kuwa mtaa mzima unagawana kebo moja na wote wako nyumbani. Hilo ni tatizo la kampuni kugawa mtaa vizuri, na nimemwandikia nambari zake kwa ajili ya siku atakapotaka kulifuata.

Kile kiungo chenye kutu fundi alitaka kukitupa. Mwalimu alikiomba, akakiweka kwenye kikombe juu ya meza yake ya kufundishia, na amewaonyesha watoto wa Maskati kupitia kamera, akawafundisha neno "kutu". Leso nayo hakutaka niitoe. Ilibaki kwenye ukingo wa roshani siku tatu zaidi, jua likiipiga. Aliitoa mwenyewe Ijumaa, baada ya kipindi.